Breki Uliyotutengenezea

Malindi, Lushoto
9 Juni 2024

Kaka yangu mpendwa Emanueli,

Shikamoo, kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kwa vumbi la huko Geita kimepata nafuu. Sisi huku nyumbani hatujambo, ila baridi ya mwaka huu imekaza kweli. Ukungu unashuka tangu mchana, nguo zinashinda kambani bila kukauka, mwishowe Mama anazimalizia jikoni juu ya moto, ndiyo maana sote tunanuka moshi hata kanisani. Mama anakusalimu sana. Ameniambia nikuandikie "onga mahundo" yake, salamu yetu ya asubuhi, hata kama utaisoma barua hii jioni, kwa sababu anasema asubuhi ndipo anapokukumbuka zaidi. Baba naye yupo. Magoti yanamsumbua akishuka bondeni, lakini hataki mtu ampokee jembe. Kabichi zimefunga vizuri, karoti si sana.

Barua hii nampa Martin, anayerudi huko kazini kwenu wiki hii. Nimeamua kuandika kwa sababu simu zetu hazipokelewi, na ujumbe niliokutumia haukujibiwa. Sikulaumu kwa hilo, kaka. Na hata ungepokea, ninayotaka kukueleza nisingeyaweza kwa simu. Ningesikia sauti yako, ningeuliza habari za kazi, kisha ningekata.

Habari za yale mashindano ulizisikia kwa Baba tu, na siku ile Baba alikuwa amekasirika. Naomba nikusimulie tangu mwanzo, ili ukifika mwisho uelewe kwa nini nimeandika.

Ilikuwa mwaka jana, mvua za vuli zikiwa zinaanza, Mwalimu Kristofa wa fizikia alipotuletea habari kwamba kutakuwa na mashindano ya wanafunzi ya kubuni vifaa vya kihandisi, yatakayofanyika Tanga mjini. Kila shule ingepeleka timu ya watu wanne yenye kifaa cha kutatua shida ya kweli ya watu wa kwao. Tulichaguliwa mimi, Janeth wa kule karibu na zahanati, Sefania ambaye baba yake anapasua mbao Shume, na Rashidi, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wetu. Rashidi ni mtoto wa Mama Tatu. Unamkumbuka Mama Tatu, yule anayelima karoti chini kabisa bondeni, karibu na mto.

Mwalimu alinipa mimi niwasomee wenzangu masharti, kwa sababu anasema sauti yangu inasikika hadi nyuma. Nilisimama mbele ya darasa nikayasoma yote. Wanatimu wawe wanafunzi wa shule moja na wawe bado wanasoma. Vifaa viwe vya kupatikana mahali wanapoishi. Kila mmoja aweze kukieleza kifaa chote, si sehemu yake tu. Mtu mzima anaruhusiwa kushauri juu ya usalama, lakini haruhusiwi kushika chombo wala kutengeneza sehemu yoyote. Na kama kuna fundi aliyesaidia kwa namna hiyo, atajwe wakati wa kujiandikisha, na sehemu aliyoigusa haitapewa alama. Asipotajwa, timu nzima inatoka. Janeth aliniomba nirudie hilo la mwisho, nikalirudia.

Wazo la kifaa lilikuwa la Rashidi. Alisema amechoka kumwona mama yake akipanda kutoka bondeni na tenga la karoti kichwani, shingo imezama mabegani, akifika juu barabarani Fuso imeshajaa na kuondoka. Tukabuni mtambo wa kuvuta mizigo. Juu ya mlima tunasimika ngoma ya mbao, tunaizungushia waya wa chuma, waya unapita kwenye kapi na kushuka bondeni. Mwenye mzigo anafunga tenga lake chini, mtu wa juu anazungusha mpini, na tenga linapanda lenyewe. Sefania alileta mbao kwa baba yake, akaichonga ile ngoma mwenyewe mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mimi na Janeth tulipiga hesabu za uzito. Tulifurahi sana siku zile.

Tukaujaribu kwenye mteremko nyuma ya shule. Mama Tatu ndiye aliyekubali kutupa tenga lake la kwanza. Sefania alikuwa kwenye mpini, kumenyesha, mpini umelowa. Tenga lilikuwa limeshafika zaidi ya nusu ya njia mkono wake ulipoteleza. Ngoma ikazunguka kinyumenyume kwa kasi, hakuna aliyethubutu kuigusa, na tenga likashuka kama jiwe. Mama Tatu alikuwa ameinama kule chini anakaza kanga yake. Lilimpita begani likapasukia kwenye mwamba, karoti zikatawanyika hadi mtoni. Rashidi alishuka mbio akianguka na kuinuka. Alipomfikia, mama yake alikuwa amekaa kwenye tope, hajaumia, anaiangalia tu mikono yake. Hakutulaumu. Aliomba tumsaidie kuokota karoti.

Mwalimu akasema hakuna mzigo mwingine utakaopanda mpaka tuwe na breki. Tukajaribu kabari ya mti, ikavunjika. Tukajaribu kamba ya kuizuia ngoma, ikilowa inateleza. Shule ikafungwa Desemba bila jibu. Kwa kuwa kwetu ni karibu na shule, mtambo ukaletwa ukawekwa chini ya upenu wetu, tukakubaliana kila mmoja aende akafikirie.

Ndipo wewe ukaja likizo ya Krismasi.

Watu wote huku wanajua hivi: kwamba siku ya pili ya Krismasi tulienda kanisani, wewe ukabaki kwa uchovu wa safari, na ukiwa peke yako ukauona mtambo, ukashindwa kujizuia. Tuliporudi ulikuwa unanawa grisi kwa mchanga, unatabasamu, na ile breki ipo. Ulikuwa umekata mkanda kwenye tairi bovu, ukauzungusha kwenye ngoma, ukaufunga kwenye mti mrefu wenye jiwe mwishoni. Uliniita ukanionyesha. Breki nyingine mtu anaishika ili mzigo usimame. Yako inakamata muda wote, na mtu anainyanyua ili mzigo utembee. Akichoka, akiteleza, akiiachia kwa sababu yoyote ile, jiwe linavuta mkanda na ngoma inasimama pale pale. Ukaniambia, "Mdogo wangu, usiuamini mkono wa mtu. Mkono unachoka." Sijaona kitu kizuri kama kile, kaka, na mpaka leo nasema hivyo.

Shule ilipofunguliwa niliwaambia wenzangu kwamba nimepata njia wakati wa likizo. Nilisema hivyo tu, nimepata njia. Walifurahi kiasi kwamba hakuna aliyeuliza zaidi. Tuliifungua breki yote tukaifunga tena, mpaka kila mmoja akaweza kuieleza. Sefania aliyekuwa haongei tangu ile ajali ndiye aliyekuwa wa kwanza kuining'iniza mizigo na kuiachia makusudi, akicheka. Rashidi alinishika mkono akasema mama yake atanipikia wali. Akanipikia kweli, nikala.

Mashindano yakawa mwanzoni mwa Machi, katika ukumbi wa chuo kimoja Tanga mjini. Asubuhi tulipojiandikisha, kijana wa mapokezi alimuuliza Rashidi kama kuna fundi yeyote aliyetusaidia kutengeneza. Rashidi akajibu hakuna, kwa sauti ya mtu anayejivunia. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeshika kapi.

Mchana wakaja waamuzi. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mhandisi, mtu mzima, miwani kwenye kamba. Timu nyingine aliziuliza maswali machache akapita. Kwetu alikaa. Alinyanyua ule mti wa breki, akauachia, tenga likasimama. Akanyanyua tena, akaachia tena. Akatuuliza mmoja mmoja jinsi inavyofanya kazi, wote tukajibu vizuri. Kisha akasema, "Aliyefikiria hili amewahi kuona mtu akichoka. Ni nani kati yenu?"

Rashidi akaniwekea mkono begani akasema, "Ni Evelina."

Watu waligeuka kuniangalia. Mtu mmoja aliinua kamera. Mwalimu Kristofa alikuwa amesimama pembeni na uso uliojaa furaha, na yule mama akanyoosha mkono kunipongeza. Sikuupokea. Nilisikia mdomo wangu ukisema, "Si mimi. Ni kaka yangu. Yeye ni fundi."

Yule mama hakupandisha sauti. Aliniuliza kama kaka yangu alitoa wazo tu au alishika chombo. Nikasema alitengeneza yote. Akamuuliza Rashidi kwa nini hakusema asubuhi. Rashidi alinitazama mimi. Yule mama akaeleza kwamba tungetaja, wangepunguza alama za breki tu, na mtambo uliobaki ungetosha kabisa kushindana. Lakini fundi hakutajwa, na masharti ni yale yale kwa wote. Kifaa kibaki watu wakione, timu imetoka. Alipoondoka alirudi hatua chache akasema anasikitika, na nadhani alisikitika kweli.

Washindi, kaka, walichukuliwa kwenda kufundishwa karakana ya chuo wakati wa likizo. Rashidi yuko kidato cha nne. Alikuwa ameshamwambia mama yake kwamba ataenda.

Tulikaa nje kwenye ngazi. Mwalimu alitununulia machungwa, hakuna aliyemenya lake. Janeth alikuwa analia kimya kimya. Rashidi alipozungumza hakufoka. Alisema, "Ungetuambia Januari tungeifungua, tungetengeneza ya kwetu, hata ikiwa mbaya. Ulinyamaza sifa zilipokuwa zetu wote. Umesema zilipobaki zako peke yako." Ilikuwa kweli.

Nyumbani Mama alinipokea mzigo, hakuuliza. Baba alitaka kujua. Nilimwambia kwamba breki ulitengeneza wewe na masharti yalikataza. Niliishia hapo. Akachukua simu akakupigia, nami nipo pale pale nachambua maharage. Nilimsikia akikuambia kwamba una mkono usiotulia, kwamba umekwenda mbali ukarudi kuharibu kazi ya watoto ili uonekane fundi. Na nilikusikia wewe, kwa sauti ndogo kwenye simu, ukisema, "Nisamehe, Baba. Sikujua."

Niliendelea kuchambua maharage.

Pasaka ukasema una zamu. Mama alikuwa ameshakutandikia. Tangu hapo salamu zako zinakuja kwa mdomo wa watu. Kisha wiki iliyopita Martin alikuja kutusalimu, akatusimulia habari zenu. Katika kusimulia akasema kwamba mwenzenu mmoja kazini alikuomba umsaidie kufunga mkanda wa mashine, na wewe uliyekuwa mwepesi kuliko wote kusaidia ukamwambia afanye mwenyewe, kwani wewe ukigusa kazi ya mtu unaiharibu. Martin alilisema kama utani. Mama aliinuka akaenda nje. Mimi usiku ule nikatafuta karatasi na kalamu.

Sasa nakuomba usome polepole haya yanayofuata, kaka.

Siku ile ya pili ya Krismasi mimi sikufika kanisani. Niliondoka na Mama, nikamwambia njiani nimesahau sadaka, nikarudi. Nilipita nyuma, kwenye migomba. Nilisikia msumeno wako kabla sijaiona nyumba. Nilikaa chini nyuma ya ukuta wa jikoni, kwenye majani yaliyolowa, nikakusikiliza ukikata, ukipiga nyundo, ukijisemesha mwenyewe kama unavyofanya. Ningeweza kutokea na kukuambia, "Kaka, acha, hairuhusiwi." Ilikuwa hatua chache tu. Nilikaa mpaka nyundo iliponyamaza, kisha nikapita njia ya chini nikaungana na watu waliokuwa wanatoka ibadani. Nilitaka siku nikiulizwa niweze kusema kwamba sikuwepo.

Na si hilo tu. Mtambo ulikuwa umefunikwa turubai tangu shule ilipofungwa. Jioni ya Krismasi mimi ndiye niliyeliondoa, nikauacha wazi kwenye njia unayopita kwenda kuoga. Wakati wa chakula mimi ndiye niliyeanzisha hadithi ya tenga la Mama Tatu, nikaisimulia kwa urefu huku nakuangalia, kwa sababu nakujua. Najua huwezi kusikia kitu kinataka kuua mtu ukalala. Na uliuliza, kaka. Sijui kama unakumbuka, mimi sijasahau. Uliniuliza, "Hao wenye mashindano wanaruhusu mtu wa nje kusaidia?" Nikakujibu sijui, sijayasoma yote.

Niliyasoma yote, kwa sauti, mbele ya darasa. Janeth aliniomba nirudie, nikarudia.

Hukuharibu kazi ya mtoto yeyote. Ulimwuliza mtoto, mtoto akakudanganya. Kile ulichokitengeneza kilikuwa chema, na aliyekifanya kuwa kosa ni mimi, kabla hujashika hata msumeno. Nimeacha ukaubeba mzigo huu kwa miezi, nikiona jinsi ulivyokuondoa nyumbani, na kila siku nilijiambia kesho nitasema.

Nimeshaanza kusema. Janeth na Sefania niliwaambia Jumatatu. Janeth alinikumbatia. Sefania aliuliza kama bado anaruhusiwa kuipenda ile breki. Mwalimu Kristofa amenitoa kwenye klabu ya sayansi mpaka mwakani, na ni haki. Rashidi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ahsante kwa kuniambia, akaondoka. Tukikutana ananisalimia, basi. Mtambo uko stoo ya shule. Mwalimu angependa usimikwe bondeni watu wautumie, lakini Rashidi hataki kuugusa, na sisi wengine tunaona haya kuuchukua bila yeye. Mama Tatu bado anapanda na tenga kichwani. Asubuhi nikienda shule tunapishana pale kwenye kona, nampa shikamoo, anaitikia marahaba mwanangu, kama zamani. Ningeona nafuu angekataa kuitikia.

Baba nilimwambia jana shambani. Tulikuwa tunapalilia viazi, mimi mstari wangu, yeye wake. Nilimwambia yote, pamoja na lile turubai na lile swali lako. Hakusimamisha jembe. Alipalilia mpaka mwisho wa mstari. Kisha akajishika kiuno, akauliza kama barua ya kwako nimeshaifunga. Nikasema bado. Akafuta udongo kwenye jembe kwa kidole. Akasema, "Mwandikie paa la jikoni linavuja. Mafundi wa hapa siwataki."

Nilimuuliza kama niandike kwamba ni yeye aliyesema. Akasema niandike.

Kwa hiyo naandika, kaka. Ni Baba aliyesema.

Wasalimie wote unaokaa nao, na umshukuru Martin kwa kuibeba barua hii. Mama amekuwekea siagi ya maziwa kwenye kopo, ukiipokea uihamishe mapema isiharibike. Mimi sitarajii unijibu haraka. Ukinijibu kwa hasira nitaisoma, na ukikaa kimya nitaelewa, lakini Baba usimkalie kimya. Mungu akulinde kazini na akupe kifua chenye nguvu.

Ni mimi mdogo wako aliyekukosea,

Evelina